Gego la skrubu: nimelipima kama fundi

Mwenye haraka achukue alama aende zake. Mikono ya daktari, nyota 5. Maelezo kabla ya kazi, nyota 5. Bili, nyota 3. Mapokezi na simu, nyota 2, na hizo mbili nimezitoa kwa huruma. Jino lenyewe, yaani implanti, jino la bandia linaloshikiliwa na skrubu iliyopandwa ndani ya mfupa wa taya, ambalo sasa lina miezi 11 kinywani mwangu, nyota 4. Nyota iliyopungua hapo si kosa la mtu yeyote, nitaieleza nikifika.

Kliniki siitaji. Nina malalamiko juu yake na bado nahitaji huduma yake.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 22 nimekata uzi kwa meno: uzi mwembamba kwa meno ya mbele, uzi mnene wa jinzi kwa magego ya kushoto. Mkasi upo, ila mkasi una tabia ya kulala chini ya kitambaa kila unapotakiwa. Gego langu la kwanza la chini kushoto, ambalo madaktari huliandika namba 36, lilikuwa limetibiwa mizizi miaka sita kabla ya kisa hiki. Niliambiwa nirudi livishwe kofia, yaani ganda gumu linalolifunika jino lote, sikurudi, maana halikuwa linauma. Jino lililochimbwa katikati hubaki na kuta nyembamba, na mimi nikaendelea kulitumia kukatia uzi wa jinzi. Siku moja nikasikia "tak" hadi ndani ya sikio. Maumivu hakuna. Wiki ya tatu kikaota kipele kwenye ufizi, kinajaa, kinapasuka, kinatoa kitu cha chumvichumvi, kinanywea, kisha kinajaa tena.

Ufa ulikuwa umeshuka hadi kwenye mzizi. Ufa wa aina hiyo hauzibiki, bakteria huingia na kutoka wapendavyo. Likang'olewa.

Nililing'olea kwingine, si kwa huyu daktari ninayempa nyota. Na hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko simu isiyopokelewa. Aliyeling'oa alilitoa vizuri, ndani ya dakika 20, kwa ganzi ya kutosha. Akanipa pamba niiume nusu saa, akaniambia nisisukutue siku ya kwanza, nisinyonye kitu kwa mrija, kesho yake nianze maji ya uvuguvugu na chumvi. Nikamuuliza kuhusu kuweka jino jingine. Akasema, "Ukiwa tayari utarudi tu, mama, pengo halikimbii."

Pengo halikimbii kweli. Mfupa ndio unaokimbia, na hilo hakunitajia.

Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Jino likitoka, mwili hauoni sababu ya kuendelea kuutunza ukingo ule, unaanza kuumeng'enya, hasa upande wa shavuni ambako ukuta wake ni mwembamba. Sehemu kubwa ya hasara hutokea katika miezi ya mwanzo, na ndani ya mwaka mmoja upana wa ukingo unaweza kupungua karibu nusu. Mafundi tunajua kitambaa kinavyorudi kikifuliwa, ndiyo maana mwenye akili hukiloweka kabla ya kukikata. Sikujua kwamba mfupa nao hurudi. Ningejua, ningeuliza siku ileile ya kung'oa kama inafaa kujaza shimo kwa unga wa mfupa ili ukingo usinywee sana, au kama skrubu ingeweza kuingia palepale, maana kwa baadhi ya watu huwezekana. Kwangu palikuwa na usaha, labda wangekataa. Lakini ningeuliza.

Nikakaa miezi 14.

Katikati ya miezi hiyo nilitengenezewa jino la kuvaa na kuvua, la plastiki, lenye vikono viwili vya waya vinavyokumbatia majirani. Siwezi kulisema vibaya sana, lilikuwa rahisi na lilipatikana ndani ya wiki. Ila lilikuwa linacheza nikitafuna, nikalizoea kulivua nikiwa kazini, na siku nyingine jioni ikawa ni kulitafuta kwenye kopo la vishikizo. Shangazi alinikuta nimemwaga kopo zima mezani, akacheka hadi akakaa chini. "Jino la pembe si dawa ya pengo, mwanangu." Methali ya siku zote, lakini siku ile iliniuma kwa sababu nilikuwa na pengo hasa, na jino la bandia hasa, na sikuliona.

Daraja nalo lilizungumzwa. Daraja ni kofia tatu zilizoungana: mbili zinavishwa majirani wa pengo, ya katikati inaning'inia. Ni kazi nzuri, na kama majirani wenyewe wana meno yaliyooza au yaliyozibwa sana, pengine ndilo chaguo la maana. Yangu yalikuwa mazima. Kuyavisha kofia lazima yasagwe pande zote yabaki vigutu. Nikamwambia daktari kwamba mimi sikati nguo mbili nzima ili nipate kiraka cha moja. Akasema basi tuongee implanti.

Huyu sasa ndiye wa nyota 5. Mara ya kwanza hakunigusa kinywa kwa karibu nusu saa, aliuliza tu. Sukari? Presha? Sigara? Dawa za kuzuia damu kuganda? Nimewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge au za sindano? Swali hilo la mwisho lilinishangaza, akaeleza kwamba baadhi ya dawa hizo huufanya mfupa wa taya ushindwe kupona ukichokolewa, na watu husahau kuzitaja kwa sababu hawaoni zinahusiana vipi na meno. Sigara huongeza uwezekano wa skrubu kukataliwa. Sukari isiyodhibitiwa vilevile, ila mwenye sukari iliyotulia hafungiwi mlango. Akaniuliza kama nasaga meno usiku. Nikasema sijui, huwa nimelala. Akaangalia ncha za meno yangu zilivyolika, akaandika "ndiyo" bila kunibishia.

Kisha akanirudisha nyumbani! Alisema fizi zangu zinatoka damu na nyuma ya meno ya chini kuna ukoga uliogeuka jiwe, hawezi kupanda kitu kipya hapo. Nikasafishwa mara mbili kwanza. Nilikasirika kidogo, nilidhani wananitafutia bili. Sasa namwelewa.

Picha ilikuwa ile ya kuzungukwa na mashine umesimama, kidevu juu ya kijiti, sekunde chache tu. Inatoa taya lako lote kwa umbo kamili, na unaweza kulikata vipande kwenye kioo cha kompyuta kama mkate. Hapa nilifurahi, kwa sababu ni kazi ya vipimo na mimi vipimo ni lugha yangu. Ndani ya taya la chini unapita mfereji wenye mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini na kidevu. Aliuchora kwa rangi ya chungwa. Kutoka juu ya mfupa hadi kwenye mfereji: milimita 14. Akachagua skrubu ya urefu wa milimita 10 na unene wa milimita 4.1, kwa sababu lazima ibaki nafasi ya usalama isiyopungua milimita 2 juu ya mshipa. Mfereji ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa miezi, au moja kwa moja. Urefu ulitosha basi. Tatizo lilikuwa upana: juu kabisa ukingo ulikuwa na milimita 6. Toa 4.1, ugawe kinachobaki pande mbili, upande wa shavuni unabaki ukuta usiofika milimita moja, na ukuta mwembamba hivyo huliwa. Ndiyo gharama ya miezi 14.

Suluhisho ni kuongeza mfupa siku hiyohiyo ya kuweka skrubu. Nikauliza mfupa wa nani. Wake ulikuwa wa ng'ombe, uliochakatwa mpaka yakabaki madini matupu, chembechembe kama chumvi ya mawe. Upo pia wa binadamu aliyejitolea, upo wa kutengenezwa kiwandani, upo wa kuchotwa kwako mwenyewe sehemu nyingine ya taya. Juu yake hufunikwa utando wa kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, na utando huo mara nyingi hutoka kwa nguruwe, mara nyingine kwa ng'ombe. Ninaliandika hili wazi kwa sababu fomu ya ridhaa iliandika "utando wa kibayolojia" tu. Kwa mtu ambaye jambo hilo lina uzito, aulize kabla hajalala kwenye kiti, maana cha ng'ombe kipo na daktari hakuona taabu kukiagiza.

Sasa siku yenyewe. Saa moja kabla nilimeza dawa ya kuzuia maambukizi, nikafika, nikasukutua dawa chungu ya klorheksidini dakika nzima. Wakanifunika kitambaa cha kijani kilichoacha kinywa tu. Sindano ya ganzi ilikuwa na adrenalini ndani yake, kwa hiyo ukiona moyo unaenda mbio dakika moja au mbili usidhani ni woga peke yake. Nilimwambia msaidizi wake, kijana mmoja mpole, kwamba moyo unanikimbia. "Unakimbia na dawa, mama, utatulia sasa hivi." Ukatulia.

Tukisubiri ganzi ishike, daktari akanisimulia ya sungura. Miaka ya 1950 mtafiti mmoja wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachungulia mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa kidogo cha titani. Alipomaliza akataka kukitoa kifaa chake, maana kilikuwa cha bei. Kikagoma. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ni sehemu yake. Alikuja kumwekea binadamu wa kwanza skrubu za meno mwaka 1965. Nililala pale nikiwaza kwamba jino langu limetokana na mtu aliyeshindwa kurudisha chombo chake.

Kuchimba mfupa hakuumi. Nasema hivyo kwa sababu ndilo swali nililoulizwa na kila mtu. Unachosikia ni mtetemo kwenye fuvu, na sauti nzito ya polepole, si ule mlio wa kuziba meno unaokata maini. Polepole ni makusudi. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja huanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Kwa hiyo wanachimba taratibu, maji ya chumvi baridi yanamwagika muda wote, na wanapanda ukubwa hatua kwa hatua: kijiti chembamba cha milimita 2 kwanza, kisha kinene zaidi, kisha zaidi. Baada ya tundu la kwanza alisimamisha pini ya chuma ndani yake akapiga eksirei kuhakikisha mwelekeo. Hapo ndipo nilipompa nyota ya tano moyoni. Fundi anayesimama katikati ya kazi kupima tena namjua thamani yake.

Skrubu iliingia kwa kifaa kinachoonyesha nguvu ya kukaza. Ilisimama kwenye newtoni-sentimita 35, nikamsikia anasema "safi". Unga wa mfupa ukafuata, utando, kisha mishono.

Mishono nilikuwa nayo makini, mtanisamehe. Nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya kioo na tochi ya simu. Uzi wa buluu, mwembamba ajabu, mishono 6, kila mmoja na fundo lake. Mitano imelala sawasawa, umbali uleule, haikuvuta ufizi wala haikuulegeza. Wa sita, kule nyuma kabisa, fundo lilikaa juu ya jeraha badala ya pembeni. Nilimwambia siku ya kuondoa, wiki mbili baadaye. Akaangalia, akacheka, akasema kule nyuma mkono haufiki vizuri. Kisingizio hicho nakitumia mwenyewe kwenye makwapa ya koti.

Mdomo ulizinduka baada ya saa nne hivi. Kama ungekuwa bado na ganzi asubuhi yake, niliagizwa nipige simu palepale nisingoje. Siku ya kwanza barafu, dakika 20 juu ya shavu, 20 kupumzika, na mto mrefu usiku. Dawa ya maumivu nilitumia siku tatu, ya kawaida tu. Maumivu hayakuwa makubwa kuliko ya kung'oa, nadhani yalikuwa madogo. Uvimbe ndio ulionitisha: uliongezeka siku ya pili na ya tatu, na hiyo ni kawaida, lakini mtu akijiona kwenye kioo na shavu kama anaficha limau haamini neno "kawaida".

Hapo ndipo nilipopiga simu. Usiku wa siku ya tatu, saa mbili na nusu. Karatasi ya maelekezo ina namba imeandikwa kwa wino mzito, "dharura, saa 24". Iliita mpaka ikakatika. Mara nne. Nikatuma ujumbe, haukujibiwa. Asubuhi nikaenda mwenyewe bila miadi. Dada wa mapokezi akaniuliza kwa nini sikupiga simu kwanza. Nilimwonyesha kioo cha simu yangu, akasema, "Aa, hiyo ya dharura huwa anakaa nayo mtu mwingine." Mtu mwingine nani, hadi leo sijui. Daktari aliniangalia, akakuta ni uvimbe wa kawaida, akaomba radhi kwa niaba ya simu. Nilimkubalia yeye, simu sikuikubalia. Kuvimba kwangu hakukuwa na neno, lakini kungekuwa na usaha na homa, usiku ule ningekuwa peke yangu.

Baada ya hapo, kungoja. Miezi minne. Hakuna cha kusimulia, ufizi umefungwa juu ya skrubu, ndani mfupa unakua kuikumbatia, nje unaishi na pengo lako kama zamani. Watu waliniuliza mbona umelipa na huna jino. Wapo wanaowekewa kofia ya muda siku hiyohiyo, hasa meno ya mbele, skrubu ikikaza vizuri na mfupa ukiwa mzuri. Mimi mwenye unga wa mfupa uliofunikwa sikuwa miongoni mwao. Miadi yangu ya ukaguzi ilisogezwa mara mbili, zote nikiwa nimeshafunga duka.

Kufungua ufizi ilikuwa kazi ya robo saa. Wakachomeka kijiti kidogo kwenye skrubu, wakakisogezea kifaa kama kalamu, kikatoa namba: 74. Kipimo hicho kinaenda hadi 100, na kuanzia 70 huhesabiwa imara sana. Wakafunga kifuniko cha chuma kinachoupa ufizi umbo, wiki tatu. Kisha vipimo vya kofia, si kwa ule udongo wa kutapisha bali kwa kamera inayotembezwa kinywani, na taya linajitokeza kwenye kioo vipande vipande.

Kwa wasiojua, vitu ni vitatu. Skrubu iko ndani ya mfupa. Juu yake kuna kiungo, mimi nakiita kishikizo kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo. Juu ya kishikizo kuna kofia inayoonekana, yangu ni ya zirkonia, kauri ngumu, nyeupe ya maziwa yaliyochujuka kama meno yangu mengine. Nawatajia vitatu hivi kwa sababu ya bili. Niliambiwa bei ya "implanti" nikafurahi kwamba naweza. Kumbe bei ile ilikuwa ya skrubu na kuiweka. Kishikizo mbali, kofia mbali, picha mbali, unga wa mfupa na utando mbali, na kufungua ufizi nako kuna mstari wake. Hakuna aliyenidanganya, kila kitu kilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa makadirio ambao sikupewa hadi nilipouomba. Mteja akija dukani kwangu nikamtajia bei ya suti, halafu siku ya kuchukua nimwambie bitana na vishikizo ni mbali, atanipigia kelele mtaa mzima usikie. Ombeni karatasi nzima, yenye kila kipande, kabla ya sindano ya kwanza.

Kofia ya kwanza niliikataa. Ilikuwa nzuri kwa macho, lakini nilipopitisha uzi wa kusafishia kati yake na gego la nyuma, uzi ulipita bila kukwama hata kidogo. Kati ya meno mawili uzi unapaswa kupita kwa kubana, unasikia kama kaubofyo. Ukipita bure, chakula nacho kitapita bure na kukaa. Nikasema hapa pamelegea. Msaidizi akaniangalia kama mteja msumbufu, daktari akachukua uzi akapitisha mwenyewe, akarudisha kofia maabara. Wiki moja na nusu nyingine. Ya pili ilikuja ikabana.

Kuiweka hakuhitaji ganzi. Ilikazwa kwa bisibisi kidogo yenye kipimo, newtoni-sentimita 35 tena, tundu la juu likazibwa kwa utepe mweupe laini na juu yake dawa ya kuzibia meno. Nilipendelea ya kukazwa kuliko ya kugundishwa, kwa sababu siku ikilegea inafunguliwa bila kuvunjwa, na gundi inayobaki chini ya ufizi huleta balaa. Wakaniambia niume karatasi ya rangi, mfano wa kaboni yetu ya kuhamisha michoro, wakasaga palipokolea. Aliiacha iguse kwa wepesi zaidi ya meno mengine, nikauliza kwa nini.

Jibu lake ndiyo ile nyota moja iliyopungua. Jino la asili halijashikana na mfupa. Limening'inizwa kwa nyuzinyuzi nyembamba pande zote, na ukiuma linadidimia kidogo, sehemu ndogo ya milimita lakini linadidimia. Nyuzi hizo ndizo pia zinazohisi. Kwa sababu yake unajua umeuma mchanga kabla hujaumia, unajua hata unywele uko kati ya meno. Skrubu haina nyuzi hizo, imeshikana na mfupa moja kwa moja. Haididimii, na haihisi isipokuwa uzito mzito unaofika kwenye taya lenyewe. Kwa hiyo natafuna vizuri kushoto baada ya miaka, kitu kigumu, kitu laini, chochote, lakini gego lile ni bubu. Mwezi wa pili niliweka pini za kichwa mdomoni kama kawaida yetu mafundi, moja ikalala juu ya gego la skrubu. Sikuijua mpaka ulimi ulipoigusa. Ningefunga kinywa kwa nguvu ningevunja kofia au kutoboa ufizi. Pini sasa zinakaa kwenye kimto cha mkononi.

Usiku navaa kinga ya plastiki ngumu, kwa sababu ya lile "ndiyo" aliloandika. Inachusha. Naivaa.

Kusafisha ni zaidi ya nilivyodhani. Kofia haiozi, na wengi huishia hapo wakasema jino la milele. Ila ufizi na mfupa vinavyoizunguka vinaweza kuugua, mfupa ukaliwa chini kwa chini bila maumivu, mpaka skrubu inalegea. Dalili ya kwanza ni damu ukipiga mswaki. Kwa hiyo natumia kiburashi kidogo cha kupenya pembeni kila usiku, na kila miezi sita nasafishwa na kupigwa eksirei pale inapobidi. Nilipewa pia kadi yenye stika ya skrubu: aina yake, kipenyo, urefu, namba ya toleo. Usipopewa, idai. Ukihama, au daktari akifunga, anayekuja baadaye lazima ajue bisibisi ipi inaingia humo, kwani kila kiwanda kina yake. Yangu nimeiweka pamoja na pasipoti na nakala yake kwenye simu.

Ningefanya tena? Ndiyo, kwa mikono ileile, ila ningeanza kuuliza kabla ya kung'oa. Mkasi mdogo sasa unaning'inia shingoni kwa utepe. Uzi wa jinzi sijauuma tena, ingawa mkono bado unaupeleka mdomoni wenyewe nikiwa na haraka.

Ukaguzi wangu wa miezi 12 ni wiki ijayo. Waliniambia nithibitishe kwa simu siku saba kabla. Nimeiweka spika hapa mezani tangu nilipoanza kuandika, hii ni mara ya tatu, inaita.